Lile Neno la Mifupa

Mwanangu Nasra,

Umekwenda Al Khoudh na baba yako kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua hawatokuachia mpaka wakulishe mara tatu na kila mmoja akulilie kwa zamu yake. Kwa hivyo nna nafasi mpaka Magharibi. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, nimejitilia chai ya maziwa, simu nimeizima, na nakuandikia kwa Kiswahili. Najua utashangaa. Katika umri wako wote sijakuandikia kwa Kiswahili hata karatasi ya kwenda dukani.

Sikuandikii khabari za vidonge vya malaria, wala chandarua, wala uvae nini. Baba yako keshakuandikia orodha ya kurasa mbili, na ukiiangalia vizuri utaona katia hadi uzi na sindano. Mie nna jambo moja tu la kukwambia, na nimelikalia miezi minne.

Jana kwenye gari, tulipotoka kununua hilo sanduku lako, uliniuliza, "Mama, umeniradhi au hujaniradhi?" Nami nikakujibu, "Funga mkanda." Ukafunga mkanda. Hukuuliza tena. Ukatazama nje mpaka nyumbani, na tulipoteremka ukanibusu kichwa kama kila siku. Wallahi, bora ungenijibu vibaya.

Basi barua hii ndiyo jibu. Ila nikikupa jibu peke yake utaondoka kesho hujui kwa nini nilikunyima, na utafika Tanga ukidhani mama yako ni mwanamke wa majivuno tu. Na kusema kweli, mwenyewe ningependa udhani hivyo. Majivuno ni aibu ndogo kuliko hii niliyonayo mimi.

Nianze na neno lako.

Ijumaa ile, miezi minne nyuma, tulikuwa tunakula, sote watatu, ukatwambia umekubaliwa kwenye kliniki moja ya Tanga, miaka miwili, kutibu watoto wachanga waliozaliwa nyayo zimegeukia ndani. Baba yako akasema alhamdulillah. Mimi nikaweka kijiko chini. Nikasema Bara hatuna tulichokiacha. Nikasema bibi yako aliondoka kule Unguja akaja huku kwa Waarabu, sanduku mkono mmoja na mimi mkono wa pili, si ili mjukuu wake avuke bahari arudi upande ule. Nikasema hatukukusomesha ukawa fizio, mtu wa kutibu viungo, ili uache kazi ya serikali ukafunge plasta vitoto vya watu. Na mwisho nikasema lile ambalo mzazi halisemi hata akiwa amekasirika vipi, kwamba ukenda, nenda, lakini radhi zangu usizitafute. Halafu ukanijibu kwa Kiingereza, maana nyie watoto wa siku hizi mkikasirika mnahamia Kiingereza. Ulisema mama yako ame-ossify. Hukupaza sauti. Ulilisema kama daktari anayesoma picha, ukanyanyuka ukaosha sahani yako na yangu.

Nilikasirika siku tatu. Si kwa kuwa ni tusi. Ungeniita kichwa kigumu ningekujibu palepale, ungeniita sugu ningecheka, maana sugu ninazo hata mikononi. Nilikasirika kwa sababu neno lile ni langu. Nimelifanyia kazi miaka thelathini na zaidi, na nilidhani nalijua pande zote.

Nilifundishwa nna miaka kumi na tisa, kwenye chuo cha wapiga eksrei. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mtu wa Kerala, mfupi, sauti kali, anatembea na chaki mfukoni kama watu wengine wanavyotembea na peremende. Aliliandika ubaoni, ossify, akalikata katikati kwa mstari. Upande wa kwanza, akasema, ni mfupa kwa Kilatini. Upande wa pili ni kufanya. Wafaransa wakaliunga likawa lao, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa, na sasa nyie mnalichukua kwa Waingereza, kwa hivyo mtakapolitumia msiliharibu. Maana yake kugeuka mfupa. Mwenzangu mmoja akauliza kwani wasiseme tu kuwa kigumu, maneno ya hivyo si wanayo tele? Mwalimu akamwambia barafu inakuwa ngumu, udongo unakuwa mgumu, mkate wa juzi unakuwa mgumu, na hakuna hata kimoja kinachogeuka mfupa. Neno hili ni la kitu kilicho hai, kilichokuwa laini na ulaini wake una kazi, kikaingiwa na chokaa kidogo kidogo mpaka kikawa kitu kingine. Nililipenda. Nikaenda nyumbani nikamweleza bibi yako, akanambia, "Kwani si kukomaa mifupa huko? Mmekwenda chuoni kusomea hilo?" Waarabu nao walilitengeneza vilevile kama Walatini, wamechukua mfupa, adhm, wakapata taadhum. Kwa Kiswahili bibi yako alikuwa keshamaliza.

Kwenye ripoti za hospitali neno hili halina ubaya hata chembe. Daktari akiliandika ni khabari njema, mtoto anakua. Nilikuja kuiona sura yake ya pili baadaye, kwenye magazeti ya Kiingereza yaliyokuwa yakiachwa chumba cha kungojea. Huko wanalisema kwa maofisi, kwa sheria, kwa vyama, kwa wazee waliong'ang'ania lao, na huko si sifa kamwe. Na nikaona jambo jingine, kwamba anayesemwa hivyo hana wa kumlaumu wala hana tarehe. Limetokea tu, polepole, hata mwenyewe hakusikia. Hapo ndipo uliponichoma. Mimi siku yangu naijua.

Kabla sijaifikia siku hiyo, nikueleze kazi yangu, maana umekulia ndani yake na hujawahi kukaa nami ukaiona. Mtoto akizaliwa, ukimpiga picha ya mkono, vidole vinaonekana, na mifupa miwili ya mkono inaonekana, lakini pale kwenye kifundo hapana kitu. Pamekuwa peusi. Kila kitu kipo, ila bado ni gegedu, kama hilo la sikio lako, na eksrei inalipita kama halipo. Miezi miwili mitatu, kinatokea kijifupa kimoja, kisha cha pili. Mwaka kwa mwaka vinaongezeka mpaka vinakuwa vinane. Kwa hivyo ukinipa picha ya kifundo cha mkono ntakwambia mtoto ana miaka mingapi, na sikosei kwa mengi. Wameniletea vijana wa mpira, ndevu zimewatoka, makocha wao wanaapa kwamba hawajafika kumi na tano. Nawaweka mkono juu ya meza, nawaambia wasitikisike, na picha inasema kweli mbele ya kocha. Hospitali nzima, penye shaka ya kifundo, walikuwa wanasema mwiteni Zuwena. Ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Mwanaidi unamkumbuka. Alikuja kutusaidia kazi za nyumbani wewe ukiwa na miaka mitatu, yeye ana ishirini na mbili, mtu wa Muheza, huko huko Tanga, mrefu, mcheshi, anaimba huku anapiga deki. Mimi nilikuwa nimekataza usisemeshwe Kiswahili. Nilikuja nchi hii nna miaka mitano sina neno la Kiarabu, na siku ya kwanza skuli mwalimu aliniuliza jina nikamjibu kwa Kiswahili, sentensi nzima, kwa adabu zangu zote. Darasa lilicheka mpaka kengele ya mapumziko. Nikaapa wanangu hawatochekwa. Na bibi yako nilikuwa nasema Kiswahili mlango umefungwa, na wewe ni Kiarabu tu. Lakini jikoni mlikuwa wawili na mimi kazini. Una miaka sita ukamwambia bibi yako, "Bibi, nina njaa," na bibi akacheka mpaka akapaliwa, anasema mtoto kawa mtu wa Bara, hata nna hajui. Nilimgombeza Mwanaidi siku ile. Alisema sawa, Mama Nasra, na akaendelea kukufundisha kwa kunong'ona. Hicho Kiswahili unachokwenda kusemea na wakina mama wa Tanga si changu, mwanangu. Ni chake.

Ulipokuwa na miaka saba ulipanda darini kumfuata Mwanaidi anakoanika nguo, na ulikuwa umekatazwa. Yeye alikuwa keshashuka nusu ya ngazi na kapu. Ukashuka mbio, malapa yana maji. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona kwa macho yangu: alitupa kapu, akageuka, akajiweka chini yako. Mlianguka pamoja mpaka chini. Ulipiga ukelele uliosikika mtaa mzima. Yeye hakupiga.

Nilikutia ndani ya gari, sijui hata niliendeshaje. Haikupita saa moja picha ya mkono wako iko kwenye sanduku la taa, na mimi nimeikodolea macho, nahesabu vijifupa vyako kimoja kimoja. Havikuwa na kitu. Ulikuwa umeteguka kidogo tu. Nililia kwa furaha mbele ya wenzangu, tukapitia aiskrimu, tukarudi nyumbani. Mwanaidi alikuwa kazikusanya nguo, kazifua tena, kazianika. Alikuwa kaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Nikamuuliza, akasema unauma kidogo, Mama Nasra, hapa chini ya kidole gumba.

Chini ya kidole gumba, Nasra. Wewe umesoma, unajua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mtu akiangukia kiganja kisha akasema anaumwa hapo, hupitishi siku hujampiga picha. Mimi nilimpa dawa ya kuchua na kitambaa cha kufungia, nikamwambia, "Kaza roho, utapoa."

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza miaka kumi na tisa nikitafuta sababu yenye heshima na sijaipata. Sikumchukia, nilimpenda kwa namna yangu. Ilikuwa karibu na Idi, nyumba ina kazi, makaratasi ya kumtibu mfanyakazi yana usumbufu wake, na kutwa nzima nashika mikono ya watu, wa kwake nikauona kama mmoja unaoweza kungoja. Hiyo ndiyo sababu, na ni mbaya zaidi kuliko chuki.

Wiki ya tano nilikuwa na wageni. Nikaingia jikoni, hapa hapa nilipokaa sasa, nikamkuta Mwanaidi anakanda unga wa chapati kwa mkono wa kushoto. Nikamgombeza. Nikamwambia chakula cha watu hakikandwi kwa kushoto, kwani kwao hawakumfundisha adabu? Akasema samahani. Akanawa mkono wa kulia, akautia kwenye unga, akakanda. Nikasimama palepale namwangalia mpaka alipomaliza. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo, na mimi nikasema moyoni jiko hili lina joto. Wageni walizisifu zile chapati.

Ukitaka siku yangu, ni hiyo.

Baada ya mwezi wa pili baba yako ndiye aliyenambia, yule mtoto wa watu hawezi kushika ufagio, mpeleke. Nikampeleka, nikampiga picha mwenyewe. Kuna kijifupa pale chini ya gumba, kama korosho. Kilikuwa kimekatika vipande viwili, na kwa vile hakikufungwa mapema, kila kipande kilikuwa kimekomaa peke yake pale palipokatika, kimejifunga, hakimtaki mwenzake tena. Daktari wa zamu akaniuliza ameanguka lini. Nikamwambia wiki iliyopita. Aliitazama picha, akanitazama mimi, na kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima akasema, "Ukhti Zuwena, mimi hapa nasoma miezi miwili." Akaandika karatasi ya upasuaji. Nikaikunja, nikaitia ndani ya mkoba, na nyumbani nikamwambia Mwanaidi mkataba wake unakaribia kwisha, bora atibiwe kwao, mbele ya mama yake. Alinishukuru. Nilimfungia zawadi nyingi, za kumtosha yeye na ndugu zake wote, na wewe nikakwambia Mwanaidi anakwenda kuolewa. Ulilia wiki nzima, kisha ukamchorea picha ya harusi, ukanipa mimi nimpelekee posta. Sikuipeleka.

Tangu hapo Tanga ikawa haitajwi katika nyumba hii, na hukuligundua hilo kwa sababu hapakuwa na haja ya kuitaja. Mpaka Ijumaa ile. Ulisema Tanga, na kabla sijameza tonge ukasema, huku unacheka, kwamba wikiendi ya kwanza utakwenda Muheza kumtafuta Mwanaidi. Nasra, nilisikia hilo tu. Yale mengine yote niliyoyasema, Bara, sanduku la bibi yako, kazi ya serikali, nilikuwa najifunika nayo. Nilikunyima radhi ili mwanangu asiushike ule mkono akausoma. Nilijua utausoma. Mimi na wewe ni watu wa mifupa.

Sasa nikwambie na la pili usilolijua, na hili nalisema kwa raha.

Kiasi cha mwezi baada ya ugomvi wetu, nilishuka kule sehemu yenu ya fizio, hapo hospitali kwetu, kumfuata mtu wa matengenezo. Mlango wa chumba chako ulikuwa wazi kidogo. Ndani kulikuwa na mama wa kijiji cha Yiti, msichana tu, amebeba mtoto wa miezi saba, nyayo zimegeuka zote mbili. Alikuwa anaomba msamaha. Anasema alisikia kwa wakwe zake kwamba zitajinyoosha zenyewe, anasema anajua amechelewa, anasema waliomwona kabla yako wamemgomba. Nikangoja nisikie na wewe utamgomba vipi, maana mimi ningemgomba. Ukamwambia, "Umekuja. Mpakate vizuri, tuanze." Basi. Ukamwonesha amshike mtoto vipi, ukautia ule mguu mdogo katika kiganja, na hukuulazimisha. Uliusogeza kidogo, ukangoja, ukausogeza, mtoto akalala, ndipo ukazungusha plasta. Mifupa ya umri ule nusu yake bado ni gegedu, inasikia ukiisemesha, na wewe ulikuwa unaisemesha kweli, ulikuwa unaimba chinichini kwa Kiswahili. Najua wimbo huo ulitoka kwa nani.

Nilisimama pale mpaka mguu ukanifa ganzi. Akapita mama anayefagia ukumbi, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Yule wangu." Akachungulia, akasema mashallah. Nikamwambia tena, "Yule ni wangu," kama hakusikia mara ya kwanza. Nimejivunia mengi kwako, shahada, tajwidi, hata siku ulipomjibu yule mjomba wako aliyetaka kukuoza kwa rafiki yake. Lakini siku ile fahari ilinijaa mpaka nikaona haya, kwa sababu ulichokuwa unakifanya sikukufundisha mimi. Nilirudi juu, nikajifungia katika chumba cha mashine, nikalia, kisha nikaita mgonjwa anayefuata.

Usidhani nakwambia ugumu ni mbaya. Mtoto asiyekomaa mifupa hasimami. Na wewe unao, nimeuona. Miezi minne umekaa na mama aliyekununia, hukunijibu tena, hukunitoroka, hukuacha kunibusu kichwa, na hukuiacha safari. Nimewaona wanaume wazima wasioweza hilo hata wiki moja. Huko uendako utazoea vilio vya watoto, na lazima uzoee, la sivyo hutofunga hata mguu mmoja. Zoea. Lakini siku utakapomwona mtu anaumwa mbele yako, ukajiona unasema huyu anaweza kungoja, hapo acha ulichoshika. Sina wasia mwingine, na huu nimeununua ghali.

Leo asubuhi, kabla hamjatoka, nilimfuata baba yako gereji nikamuuliza kama kuna njia ya kumpata Mwanaidi. Akafuta mikono, akatoa simu yake, akanionesha namba. Kumbe kila Idi anamtumia salamu, miaka yote hii. Nikamuuliza kwa nini hakunambia. Akasema sikuuliza. Huyo ndiye baba yako.

Nimempigia baada ya Adhuhuri, nyie mmeshaondoka. Sauti imekuwa nzito, ya mtu mzima, nyuma yake kuna watoto na redio. Nikasema mimi mama yake Nasra. Halafu akaniuliza kama bado unashuka ngazi mbio. Nikamwambia umekuwa fizio, unakwenda Tanga kesho, na yeye akaanza kuwaita watoto wake kwa majina awape khabari, mimi nasikiliza. Ana watatu. Anapika chapati na maandazi kwa hoteli mbili za pale stendi. Nikamuuliza mkono. Akacheka, Nasra. Akasema, "Nakandia kushoto mpaka leo, Mama Nasra. Usinigombeze."

Nikamwambia yote. Picha, daktari, ile wiki iliyopita niliyoisema, ile karatasi niliyoikunja, siku ya unga. Sikupamba wala sikujitetea. Nilipomaliza hakucheka tena. Nikasikia redio inazimwa. Kisha akasema, "Hayo si ya simu. Njoo."

Kwa hivyo nakuja. Nimeshaomba likizo, baada ya wiki sita mtaniona. Wewe utamwona kabla yangu, na hilo silizuii tena. Mpe salamu zako, kula kwake, ushike mkono wake uutazame kama unavyojua, na ukiona kuna la kufanywa mwambie yeye kwanza. Usimwombe msamaha kwa ajili yangu. Akitaka kunisema, mwache aniseme, usinitetee. Na akikwambia hataki niingie kwake, unijulishe, na mimi ntakuja vilevile, nitakaa hapo stendi mpaka atakaponiita.

Na lile uliloniuliza jana. Nimekuradhi, Nasra. Nimekuradhi dunia na akhera, na nilikuwa nimekuradhi tangu siku ile mlangoni kwako, nikashindwa kusema kwa khofu ya mkono wa mtu. Nenda mwanangu, kifua mbele. Kesho uwanjani nitakuaga kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wote wasikie.

Mama yako,
Zuwena